Darubini ya Kijana Asiye na Kazi

Kila zama zina mtihani wake, na katika mitihani ya zama zetu ni huu wa kijana aliyemaliza skuli, hana kazi wala biashara, na moyo wake umependa kitu chenye thamani kubwa. Mmoja hupenda kamera, mwingine baiskeli ya mashindano, mwingine njiwa wa kufuga, mwingine kompyuta. Wazee wakisikia husema kwa kauli moja: "Kazi huna, mchezo wa nini?" Na kijana akisikia hayo hunyamaza, akaenda zake barazani kwa wenzake, wala kunyamaza kwake si kukubali.

Sisi tumesomesha Qur'ani kwa zaidi ya miaka thelathini katika chuo kidogo cha mji wa pwani, na katika muda huo tumeyasikia maneno ya pande zote mbili mara nyingi. Tumeona yafaa kuliandika jambo hili kwa urefu, kwani laonekana dogo, walakini limetia ufa baina ya wazazi na watoto wao katika nyumba si moja. Neno tutakalolitumia ni uraibu. Hatukusudii uraibu wa tambuu na tumbaku; twakusudia ile shughuli aifanyayo mtu kwa kuipenda, pasi na ujira wala kulazimishwa.

Swali basi ni hili: Je, asiye na kazi ana haki ya kuwa na uraibu wa ghali? Na akiwa nayo haki hiyo, augharimie kwa njia gani iliyo ya halali, isiyomdhulumu mtu?

Ili maneno yetu yasiwe matupu, tutatoa mfano mmoja tuujuao vyema. Yuko kijana katika wanafunzi wetu wa zamani, jina lake twalihifadhi, aliyemaliza kidato cha nne akatafuta kazi miaka miwili asiipate. Tangu udogo wake alipenda kutazama mbingu. Ada ya chuo chetu ni kwamba kila siku ya ishirini na tisa ya mwezi huwatoa watoto ufukoni jua linapotua, tukautafuta mwezi mwandamo. Naye mara nyingi alikuwa wa kwanza kuuona na kuwaonyesha wenziwe kwa kidole.

Kijana huyu alitujia siku moja baada ya sala ya Alasiri, akatuamkia, akakaa mkekani, akasema: "Maalim, nakuomba uniombee kwa mama." Mama yake ni mjane akaangaye vitumbua kila alfajiri, na zamu yake ya upatu ilikuwa imekaribia. Fedha hizo alikuwa amezinuia mabati, maana nyumba yao ilikuwa ya makuti yaliyokwisha kuoza, na usiku wa mvua mama yule hulala na sufuria juu ya kitanda. Mwanawe naye alikuwa ameona darubini dukani, bei yake shilingi laki saba, na juu ya sanduku lake imeandikwa kuwa hukuza vitu mara mia tano. Akasema, "Maalim, nikiipata hii nitakuwa mtu." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo kwamba mama akikataa, rafiki yake amekwisha kumfundisha namna ya kukopa kwa simu, fedha huja papo hapo, na mtu hulipa baadaye pamoja na ziada.

Hatukumkemea. Tulimuuliza: "Usiku wa leo Mushtari yuko upande gani wa mbingu?" Akasema hajui. "Na Kilimia kitachomoza saa ngapi?" Akasema hajui pia. Tukamwambia: "Mwanangu, hebu tuachane kwanza na mama yako na upatu wake. Wazitaka nyota, au waitaka darubini? Maana nyota zi juu ya kichwa chako tangu ulipozaliwa, na hazina kiingilio."

Hapa ndipo ilipo nia yetu ya kuandika. Katika uraibu karibu wote tulioupata kuujua, kilicho ghali ni cha mwisho kuhitajiwa. Kijana huona mlango mmoja tu, ule wa dukani, akadhani nyumba nzima haina mlango mwingine. Na wazee nao hudhani vivyo hivyo, ndiyo maana hukataa uraibu wenyewe badala ya kukataa ununuzi.

Tazameni habari za elimu ya nyota. Abdulrahman As-Sufi, aliyezaliwa Rayy katika nchi ya Uajemi mwaka 903, aliandika kitabu chake cha nyota karibu na mwaka 964. Wakati huo darubini haikuwako duniani. Ilikuja baada ya miaka zaidi ya mia sita. Kwa macho yake alikadiria mwanga wa nyota moja moja, na akaandika habari za wingu dogo lililo katika kundi ambalo Waarabu walilijua kwa jina la mwanamke aliyefungwa minyororo. Leo twajua kwamba wingu lile ni mkusanyiko wa nyota zisizohesabika, ulio mbali nasi kiasi cha miaka milioni mbili na nusu ya mwendo wa nuru. Nasi watu wa pwani hii twaweza kuliona kwa macho matupu, jioni za Novemba na Disemba, upande wa kaskazini, mahali pasipo taa za umeme na usiku usio na mwezi. Je, ni wangapi katika wenye darubini waliopata kuliona?

Majina mengi ya nyota yatumiwayo na wataalamu wa dunia nzima ni ya Kiarabu, na mtoto wa chuo aweza kuyafasiri. Aldebaran ni Ad-Dabaran, yaani afuataye nyuma, kwa kuwa yaifuata Kilimia. Rigel ni Rijl, mguu. Altair ni At-Tair, arukaye. Fomalhaut ni Fam al-Hut, kinywa cha samaki. Kijana ajifunzaye nyota hizi kumi au ishirini kwa mahali pake na majira yake amekwisha kupata sehemu kubwa ya uraibu huu, na hakutoa senti.

Na Kilimia chenyewe ni mwalimu wa mababu zetu. Husemwa: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Mwezi wa Mei hupotea katika mwanga wa machweo, masika ingalipo. Na Juni huzuka tena alfajiri, mvua zikiwa zimepungua. Wakulima waliokuwa hawajui kusoma walikuwa wakiyajua hayo.

Mabaharia nao je? Ahmad bin Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15 aliyetoka Julfar upande wa Ghuba, na wenziwe wa Bahari ya Hindi, walipima urefu wa nyota kwa chombo kiitwacho kamali: kibao kidogo cha mti chenye uzi uliofungwa mafundo. Baharia huuma uzi kwenye fundo, akauvuta ukanyoka, akakiweka kibao mbele ya jicho lake hata ukingo wa chini ukagusa upeo wa bahari na wa juu ukagusa nyota. Akajua amefika wapi, kaskazini au kusini. Chombo hicho kiliongoza majahazi, na gharama yake ni ubao na uzi. Kijana wetu alijitengenezea cha kwake kwa ubao wa sanduku la matunda.

Tena lipo jambo aliloliona yeye mwenyewe akiwa mtoto mdogo chuoni kwetu. Tarehe 1 Septemba, 2016, jua lilipatwa. Kusini mwa Tanzania likabaki mfano wa pete, na huku kwetu likamegwa sehemu kubwa. Tulikuwa tumewakataza watoto kulitazama jua kwa macho, kwani laweza kupofusha, na kulitazama kwa darubini isiyo na kinga ni hatari zaidi. Badala yake tuliwaonyesha chini ya mwarobaini. Kila tundu baina ya majani lilitupa mchangani sura ya jua lililomegwa, hata uwanja mzima ukajaa hilali. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufa Misri katika karne ya 11, aliandika risala juu ya sura hiyo ya jua ipitayo katika tundu. Watoto wale waliona kile alichokieleza yeye, na fedha haikuhitajiwa.

Twajua kijana atasema: "Haya ni mema, Maalim, lakini macho yana kikomo chake." Ni kweli, wala hatumfichi. Basi na tuseme juu ya chombo chenyewe, maana asiyejua bei ya elimu hudanganyika kwa bei ya duka.

Nguvu ya darubini ni upana wa kioo chake. Mboni ya jicho la kijana gizani hupanuka kiasi cha milimita 7. Kioo chenye upana wa milimita 50 hukusanya nuru kiasi cha mara hamsini kuliko jicho, na kwa sababu hiyo nyota zilizofichika hudhihirika. Kukuza ni jambo jingine. Kanuni waitumiayo watazamaji ni kwamba kila milimita ya kioo huvumilia kukuza mara mbili hivi. Basi darubini ya milimita 60 kikomo chake ni mara 120. Ukiilazimisha kupita hapo, utaona kiwingu kikubwa chenye giza. Ile ya dukani iliyoandikwa mara mia tano ilikuwa na kioo cha milimita 60. Kijana alikipima mwenyewe kwa rula baada ya kuijua kanuni hii, akarudi kwetu akicheka.

Iko darubini ya macho mawili, ile waitumiayo mabaharia, iliyoandikwa 7x50. Maana yake hukuza mara 7 na vioo vyake vina upana wa milimita 50. Hiyo hupatikana mitumbani kwa bei ndogo. Ukiiegemeza ukutani isitikisike, utaiona miezi minne ya Mushtari, ile aliyoigundua Galileo Januari 1610. Utaona mabonde ya mwezi, hasa penye mpaka wa nuru na giza, siku za robo, kuliko usiku wa mwezi mpevu. Utahesabu nyota nyingi katika Kilimia, pale jicho lionapo sita tu. Pete za Zohali hutaziona kwa chombo hicho, kwani zahitaji kukuzwa mara 25 au zaidi; nasi hatupendi kumwahidi mtu asichokipata.

Wako pia walioshindwa kununua wakatengeneza. Clyde Tombaugh, aliyezaliwa mwaka 1906, alikuwa kijana wa shamba huko Kansas, Marekani. Mvua ya mawe iliharibu mazao ya baba yake, na tamaa ya kwenda chuo kikuu ikaishia hapo. Alijifunza kusaga vioo kwa mkono. Na ile darubini yake ya mwaka 1928 aliiunganisha kwa vipande vya mashine kuukuu, kimoja cha gari la mwaka 1910, kingine cha mashine ya kutenga krimu ya maziwa. Kila alichokiona katika Mushtari na Mirihi alikichora, kisha akapeleka michoro yake kwenye kituo cha Lowell, Arizona, kuomba shauri. Wakamwajiri mwaka 1929. Na tarehe 18 Februari, 1930, akiwa na miaka 24, akagundua Pluto. Ni kweli kwamba mwaka 2006 wataalamu waliiweka Pluto katika daraja la sayari kibete, lakini hilo halimwondolei sifa yake. Tuangalie ni kitu gani kilichomfungulia mlango. Hakupeleka risiti ya duka. Alipeleka michoro ya usiku mwingi.

Na huko San Francisco alikuwako John Dobson, aliyefariki mwaka 2014, mtawa asiye na mshahara, aliyesaga vioo kutokana na vioo vinene vya madirisha ya meli vilivyotupwa, akavitia katika bomba la karatasi ngumu juu ya kitako cha mbao. Mwaka 1968 alianzisha pamoja na vijana jamaa ya kuweka darubini njiani, kila apitaye atazame bure. Leo darubini za namna hiyo huitwa kwa jina lake dunia nzima. Hatusemi kazi hiyo ni nyepesi: kusaga kioo ni saa nyingi za maji na mchanga maalumu, na mwisho hutakiwa kupakwa madini kwa mashine isiyopatikana kila mji. Twasema tu kwamba ufukara uliwafanya watu hawa wakijue chombo chao kuliko tajiri anavyokijua cha kwake.

Sasa twende kwenye fedha, kwani hata hiyo ya mitumbani haitolewi bure.

Katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Anas bin Malik, mtu mmoja katika Answari alimjia Mtume (s.a.w.) akiomba. Mtume akamuuliza kama nyumbani kwake hamna kitu. Akasema kuna guo wanalojifunika nusu na kutandika nusu, na kikombe cha kunywea maji. Akaamrishwa avilete. Mtume akavinadi mbele ya watu hata vikafika dirham mbili, akampa mtu yule fedha zake, akamwambia dirham moja anunue chakula cha watu wake, na ya pili anunue shoka alilete. Alipolileta, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwambia aende akakate kuni akauze, asimwone kwa siku kumi na tano. Akarudi amepata dirham kumi.

Shoka lile lilikuwa la riziki, si la uraibu, nasi hatuchanganyi mambo hayo mawili. Walakini mpango wa fedha uliomo humo ni somo kwa kila kijana. Kwanza, aliuza kilicho chake. Pili, chakula cha nyumba kilitangulia na chombo kikafuata. Tatu, kilichobaki kilikuwa ni kazi ya mikono yake. Fedha za mabati ya mama mjane hazimo katika yoyote ya milango hii mitatu. Na mkopo wa simu haumo pia: kwanza kwa kuwa ziada yake ni riba, na uharamu wa riba haujifichi kwa Mwislamu; pili kwa hesabu yenyewe.

Hesabu hiyo tuliifanya pamoja naye, kalamu mkononi. Alikuwa akipata kibarua kwa fundi seremala, siku nane hivi kwa mwezi, ujira wake shilingi elfu tano kwa siku. Yaani elfu arobaini kwa mwezi. Tukamwambia: "Ukikopa laki saba, na ukatoa kila unachokipata usile wala usivae, utalipa miezi kumi na saba na nusu kabla ya kuhesabu ziada. Na mkopo wa simu haungoji hata miezi mitatu." Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi Maalim, kumbe mimi ningekuwa mali ya darubini."

Tukapatana naye hivi. Nusu ya ujira wake, yaani elfu ishirini, aitie mkononi mwa mama yake. Robo, elfu kumi, iwe ya kutafutia kazi: nauli, nakala za cheti na mfano wa hayo. Robo iliyobaki ni ya uraibu wake, wala mtu asimuulize. Mchana ni wa kutafuta kazi. Usiku ni wa nyota. Na katika jambo hili uraibu wa nyota una fadhila yake, maana hauli saa za kazi.

Hapo mjomba wake alipopata habari alikuja kwetu amekasirika. Akasema: "Maalim, wewe ndiye unayemharibu kijana huyu. Nyota hazijazi chungu. Hiyo robo pia angempa mama yake."

Tulimheshimu, kwani aliyasema kwa uchungu wa dada yake. Tukamjibu: "Shekhe, ni kweli nyota hazijazi chungu. Lakini tazama barazani kwenu. Vijana mle hawana uraibu wa ghali hata mmoja. Wana simu, na katika simu hubashiri matokeo ya mipira, mia tano leo na elfu kesho, na hakuna mzee aliyekuja kwetu kushitakia hiyo elfu, kwa kuwa haionekani. Mpwa wako ameomba elfu kumi kwa mwezi, waziwazi, na kila senti yake utaiona katika mkebe. Moyo wa kijana asiye na kazi hauwi mtupu, Shekhe. Usipokuwa na kitu aupendacho kilicho chema, utaingiwa na kilichokuja kwanza." Mjomba hakusema ndiyo, wala hakusema siyo. Aliondoka, na baada ya wiki alimpa mpwawe daftari la kurasa mia moja, akasema limemzidi dukani kwake.

Daftari hilo ndilo lililojaa kwanza. Kila usiku aliandika tarehe, saa, hali ya mawingu na alichokiona. Mwezi aliuchora kila siku ya umri wake. Mzee mmoja aliyekuwa nahodha alimruhusu kutumia darubini yake ya jahazi usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa sharti aitumie pale pale barazani kwake na amweleze mzee kila anachokiona, kwa kuwa macho ya mzee yamefifia. Katika maktaba alipata kitabu kimoja cha elimu ya falaki, na kwa kompyuta ya rafiki yake aliipata programu ya Stellarium, itolewayo bure, imwonyeshayo mtu mbingu ya mahali popote na wakati wowote. Kwa fundi seremala aliokota vipande vya mbao, akatengeneza kitegemeo cha miguu mitatu kabla ya kuwa na kitu cha kuweka juu yake.

Baada ya miezi minane mkebe ulikuwa na shilingi elfu themanini. Akanunua mitumbani darubini ya 7x50, kifuniko kimoja kimepotea, vioo vyake vizima. Zamani za upatu zilikuwa zimepita, na mabati yamekwisha kupigwa. Masika yaliyofuata mama yake alitutumia vitumbua chuoni pamoja na salamu, akasema sufuria zake zimerudi jikoni.

Kazi ya mshahara kijana huyo hajaipata hata leo, wala hatutaki msomaji adhani kwamba nyota zilimpa. Yu kibarua wa siku kumi na mbili kwa mwezi sasa badala ya nane, kwa kuwa fundi ameona mkono wake una subira. Pia amekusanya wenziwe wanne. Kila mmoja hutoa elfu kumi kwa mwezi, wote watano, wanunue darubini ya kweli yenye kioo kipana. Kwa mwendo huo laki saba itatimia miezi kumi na minne. Naye peke yake angehitaji miezi sabini, karibu miaka sita. Tuliwashauri waandike mkataba kabla ya kununua: chombo kitakaa kwa nani, kikivunjika ni juu ya nani, na atakayehama mji atarudishiwa kiasi gani. Udugu wa vijana mara nyingi huvunjwa na kitu kimoja chenye wenyewe wengi kisicho na karatasi.

Enyi vijana wetu, pimeni kwa kipimo hiki kila mnachokipenda. Apendaye kamera na ajifunze kwanza nuru na kivuli kwa simu aliyonayo, au akamtumikie mpiga picha wa arusi akibeba mizigo yake. Apendaye baiskeli na akakae kwa fundi wa baiskeli, azijue kwa kuzifungua. Apendaye njiwa na aanze kwa kuwahudumia wa jirani. Jiulizeni maswali manne. La kwanza, ni sehemu gani ya uraibu wangu isiyohitaji fedha, nami nimeimaliza? La pili, ni nani mwenye chombo hiki anayeweza kuniazima, nami nitamfaa kwa nini? La tatu, je, fedha hii ni yangu, au ni ya paa la mtu mwingine? La nne, uraibu huu wanila saa za kutafuta riziki, au wanipa nguvu ya kuamka kuitafuta? Atakayeyajibu haya kwa ukweli hatajuta anunuapo, wala hatajuta asiponunua.

Nanyi wazazi wenzetu, Mwenyezi Mungu katika sura ya Al-Furqan amewasifu waja wake ambao watumiapo hawafanyi ubadhirifu wala ubahili, bali huwa katikati. Twapenda kuikumbuka nusu ya kwanza tunapowatazama watoto wetu, na kuisahau ya pili. Kijana asiye na kazi amekwisha kunyimwa mengi. Msimnyime na jina jema la kitu akipendacho. Hamwambiwi mmnunulie. Mtume (s.a.w.) hakumnunulia mtu yule shoka, lakini alilitia mpini kwa mkono wake. Daftari ni mpini. Kumwazima chombo ni mpini. Kukaa naye nusu saa nje usiku, mkamwuliza ile nyota nyekundu yaitwaje, huo pia ni mpini, wala haugharimu kitu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu riziki ya halali na moyo wa kukinai, na atupe sisi wazee wao subira ya kuwasikiliza. Wabillahi tawfiq.